Kwa nini nyota za pwani yetu hupanda wima, na kitovu cha mzunguko wa anga kiko wapi?

Mwalimu wa Tanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na sasa tumefika kwenye mada ya mzunguko wa Dunia. Kitabu tunachotumia kinaeleza kwamba Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwamba kwa sababu hiyo mtu anayetazama juu usiku huona nyota zote zikiizunguka Nyota ya Kaskazini, ambayo yenyewe haibanduki mahali pake. Pameambatishwa picha iliyopigwa kwa kuiacha kamera wazi saa kadhaa, na ndani yake yanaonekana maduara mengi yenye kitovu kimoja. Wanafunzi wangu wanaoishi ufukweni wamenijia na hoja ambayo naiona ni ya haki kabisa: nyota hiyo hawajapata kuiona, na nyota wanazozijua huchomoza baharini, hupanda moja kwa moja hadi utosini, kisha huteremka na kuzama upande wa bara bila kuchora duara lolote.

Kwa hiyo ninaomba msaada katika mambo matatu. La kwanza, kama anga linaonekana kuzunguka, kitovu cha mzunguko huo kiko wapi kwa mtu aliyesimama Tanga? La pili, tumeona kwamba Kilimia huchomoza kunako machweo karibu na tarehe 20 Novemba, lakini mwezi mmoja baadaye, saa ileile ya jioni, huwa kimekwisha kupanda juu sana. Ikiwa Dunia hukamilisha mzunguko wake kwa saa 24, mbona nyota hazirudi mahali pake kila baada ya saa 24? La tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Mwanafunzi mmoja ameniuliza tunajuaje kwamba inayozunguka ni Dunia na si anga lenyewe, na sipendi kumjibu kwamba wataalamu wamethibitisha, bila kumweleza walithibitishaje.

Mtazamanyota akajibu:

Mwalimu, nakupongeza kwa kuwa na wanafunzi wanaotazama kabla ya kukubali. Maelezo ya kitabu ni sahihi kwa mtu aliyeko Ulaya au Marekani Kaskazini, na kwa bahati mbaya vitabu vingi tunavyosomeshea vimerithi maelezo ya watu wa huko bila kubadilishwa. Walichokiona wanafunzi wako ndicho hasa kinachopaswa kuonekana kwenye latitudo yenu, na kinaeleweka vizuri tukianza na mhimili.

Mhimili wa Dunia ni mstari unaopita kutoka ncha ya kusini hadi ncha ya kaskazini. Ukiurefusha kwa mawazo pande zote mbili mpaka ufike angani, utagusa sehemu mbili: ncha ya kaskazini ya anga na ncha ya kusini ya anga. Hizo ndizo sehemu pekee ambazo mzunguko wa Dunia hauzihamishi machoni petu, na kila nyota huonekana kuzizunguka. Nyota ya Kaskazini imepata sifa yake kwa sababu iko chini ya nyuzi moja kutoka ncha ya kaskazini. Haina ubora mwingine, na wala si miongoni mwa nyota zinazong'aa sana.

Sasa liko jambo moja la kukumbuka ambalo likishaeleweka mengine yote hufuata: kimo cha ncha ya anga juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mtazamaji. London iko karibu nyuzi 51 na nusu kaskazini, kwa hiyo ncha ya kaskazini ya anga huonekana huko kwenye kimo cha nyuzi 51 na nusu, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, na mpiga picha hupata maduara yake kwa urahisi. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Maana yake ni kwamba ncha ya kaskazini iko nyuzi 5 chini ya upeo wenu wa macho, na Nyota ya Kaskazini haichomozi kamwe. Mngeweza kukesha mwaka mzima msiione. Ncha inayoonekana kwenu ni ile ya kusini, nayo ipo nyuzi 5 tu juu ya upeo. Mtu akinyoosha mkono wake wote mbele na kusimamisha vidole vitatu vya katikati pamoja, upana wa vidole hivyo ni takriban nyuzi 5, kwa hiyo kitovu mnachokitafuta kiko kimo cha vidole vitatu kutoka chini, upande wa kusini barabara. Hakuna nyota yenye mwanga wa kutosha mahali pale, na ukungu wa pwani hufunika hata zile hafifu, ndiyo maana hakuna anayekionyesha kwa kidole.

Kuhusu kupanda wima: kwenye ikweta yenyewe mhimili wa Dunia hulala sambamba na ardhi, ncha moja ikiwa kwenye upeo wa kaskazini na nyingine kwenye upeo wa kusini. Kila nyota inayouzunguka mhimili uliolala hivyo lazima ichomoze ikiwa wima, ikae juu ya upeo saa 12, kisha izame wima. Kwenye Ncha ya Kaskazini ya Dunia mhimili husimama wima, na nyota huzunguka sambamba na upeo wa macho bila kuchomoza wala kuzama. London iko kati ya hali hizo mbili, na nyota zinazochomoza mashariki hupanda kwa mshazari wa nyuzi 38 hivi. Kwenu mshazari ni nyuzi 85, na jicho la kawaida haliwezi kuutofautisha na wima. Kwa maneno mengine, njia zenu za nyota ni maduara kama ya London, isipokuwa upeo wa macho unayakata katikati kwa kusimama.

Maduara yenyewe mnaweza kuyaona mkiamua kutazama kusini badala ya mashariki. Karibu na tarehe 20 Mei, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima upande wa kusini, nyota yake ya chini ikiwa kwenye kimo cha nyuzi 32. Chukueni mstari kutoka nyota ya juu ya Msalaba hadi ile ya chini, mwendelee nao kuelekea chini mara nne na nusu ya urefu huo, na mtakuwa mmefika kwenye ncha ya kusini ya anga. Rudini saa sita usiku mtakuta Msalaba umeinamia kulia, upande wa magharibi, kwa pembe ya nyuzi 45, kwa sababu saa tatu zimepita na kila saa ni nyuzi 15. Ukitazama kusini mzunguko huu hufuata mwendo wa mishale ya saa. Ukitazama kaskazini hugeuka kinyume chake. Katika miezi hiyohiyo kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa huonekana chini chini upande wa kaskazini, nanyi huona sehemu ya juu tu ya duara lake. Na hapo kati, nyota tatu za mkanda wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, hupita karibu kabisa na mstari wa ikweta ya anga, kwa hiyo popote duniani huchomoza mashariki barabara na kuzama magharibi barabara.

Ningependa wanafunzi waone jambo hili kwa kamera pia, kwani simu nyingi sasa zinaweza kuacha lenzi wazi kwa sekunde 30 au kuunganisha picha nyingi zilizofuatana. Wailaze simu mahali isipotikisika, wakiielekeza mashariki juu ya bahari usiku usio na mbalamwezi. Katikati ya picha michirizi itakuwa imenyooka kwenda juu. Upande wa kushoto itapinda kuelekea kushoto, na upande wa kulia itapinda kuelekea kulia, kila kundi likiizunguka ncha yake. Picha hiyo mtu wa London hawezi kuipiga nyumbani kwake ikatoka hivyo. Afadhali ninyi mwe na picha yenu kitabuni kuliko kuazima ya kwake.

Jua nalo hutii kanuni hiyohiyo. Kwa kuwa huzama karibu wima, giza letu huingia upesi: kutoka jua linapotua hadi linapofika nyuzi 6 chini ya upeo, wakati ambapo mtu hawezi tena kusoma nje bila taa, hupita dakika kama 21 au 22, ilhali London mwezi wa Juni hupita zaidi ya dakika 45, kwa sababu jua huteremka kimshazari. Ndiyo sababu pia kwetu muda kati ya Magharibi na Isha haubadiliki sana mwaka mzima, huwa saa moja na dakika kumi hivi au zaidi kidogo, wakati huko London mwezi wa Juni wekundu hafifu hubaki angani usiku kucha na kuwalazimu Waislamu kutafuta hesabu nyingine ya Isha.

Mkaazi wa Maskati akajibu:

Mwalimu, ninaandika kutoka Maskati, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Unguja, na nimeona niongeze ushahidi wa macho kwa haya aliyoeleza Mtazamanyota.

Maskati iko nyuzi 23 na nusu kaskazini. Nyota ya Kaskazini naiona kila usiku ulio safi, kwenye kimo hichohicho cha nyuzi 23 na nusu, na Msalaba wa Kusini naupata kwa taabu: nyota yake ya chini huinuka nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho, kisha huzama tena. Nikija Unguja hali hupinduka, Msalaba ukawa juu na Nyota ya Kaskazini ikawa haipo. Anga ni moja, na Dunia inayozunguka ni moja. Kilichobadilika ni mahali niliposimama juu ya mviringo wake.

Manahodha waliokuwa wakija pwani ya Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi walilifanya jambo hili kuwa kazi yao. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliacha maandishi mengi yanayoeleza namna ya kupima kimo cha nyota kwa vidole, kidole kimoja kikiwa sawa na nyuzi 1.6 hivi. Chombo kilichotumika kilikuwa kibao kidogo chenye kamba ya mafundo: nahodha alishika fundo kwa meno, akanyoosha kamba, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota. Kila kilomita 111 za kwenda kusini, Nyota ya Kaskazini ilishuka nyuzi moja. Walipokaribia Mogadishu, iliyo nyuzi 2 tu kaskazini ya ikweta, nyota hiyo ilikuwa imezama katika ukungu wa upeo, na hapo walihamia kwenye nyota mbili za Farkadani, ambazo ziko mbali zaidi na ncha na kwa hiyo huendelea kuchomoza hata kusini ya ikweta. Kwa hesabu yangu, ile ing'aayo zaidi kati ya hizo mbili hufika karibu nyuzi 11 juu ya upeo wa Tanga inapokuwa juu kabisa. Wanafunzi wako wakiipata, watakuwa wameona nyota iliyowaongoza mabaharia walioingia bandari hizo.

Fundi Madishi akajibu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi nafunga madishi ya televisheni, na swali lako la pili naliona kazini kila siku, kwa hiyo naomba nilijibu kwa upande huo.

Satelaiti za matangazo zimewekwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na huonekana zimesimama palepale angani. Kwa sababu nasi tuko karibu na ikweta, satelaiti iliyo kwenye longitudo iliyo jirani na yetu hukaa karibu utosini. Dishi kubwa la wavu linaloielekea huwa limelala chali, na usipotoboa tundu chini litajaa maji ya mvua. Huko Uingereza dishi huelekezwa kusini likiwa limeinama, kwa kuwa kwao ikweta ya anga iko chini zaidi.

Sasa, satelaiti hizo hazikusimama. Huizunguka Dunia kuelekea mashariki, na ili zionekane zimetulia lazima zimalize mzunguko kwa muda uleule ambao Dunia hujizungusha mara moja kamili. Muda huo si saa 24. Ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ukiweka satelaiti ikazunguka kwa saa 24 kamili, kila siku itabaki nyuma karibu nyuzi moja, na baada ya siku mbili tatu dishi lililofungwa vizuri kabisa litakuwa halioni kitu.

Saa 24 ni kipimo cha jua, kutoka adhuhuri moja hadi nyingine kwa wastani. Dunia inapojizungusha mara moja, wakati huohuo imesogea karibu nyuzi moja katika safari yake ya mwaka mzima kulizunguka jua. Nyota ziko mbali mno hata kusogea huko hakuzibadilishii mahali kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo baada ya saa 23 na dakika 56 nyota ileile iko palepale. Jua liko karibu, na Dunia hulazimika kugeuka nyuzi moja ya ziada ili lirudi pale lilipokuwa jana. Nyuzi moja ni dakika 4. Hizo ndizo dakika 4 ambazo Kilimia hutangulia kila siku: kwa mwezi ni saa 2, na kwa mwaka ni saa 24, yaani mzunguko mzima. Ndani ya mwaka mmoja tunahesabu siku 365 za jua, lakini Dunia imejizungusha mara 366 na kidogo.

Kwa hiyo Kilimia kinachochomoza saa kumi na mbili na nusu jioni ya tarehe 20 Novemba, tarehe 20 Desemba kitachomoza saa kumi na nusu mchana, na giza likiingia utakikuta zaidi ya nyuzi 25 juu ya bahari. Mwezi wa Mei jua na Kilimia huwa upande mmoja wa anga na hakionekani kabisa, kisha Juni hutokeza alfajiri. Wazee waliosema kwamba kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua walikuwa wameifuata tofauti hiyo ya dakika 4 kwa misimu mingi, kwani masika ndiyo hukizamisha na kiangazi ndicho hukiibua.

Mwalimu wa Tanga:

Marahaba, Fundi, na asanteni nyote. Hili la dishi nitalitumia kesho asubuhi, kwa sababu liko juu ya paa la jirani wa shule na kila mwanafunzi amelipita.

Naomba tusiliache swali la tatu. Mwanafunzi wangu ameliongezea hoja: ikiwa ardhi ya Tanga inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, basi ndege inayoruka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ambako ni magharibi, ingetosha kupaa na kusubiri Mwanza iifuate.

Mwanafizikia wa Nairobi akajibu:

Mwalimu, hoja ya mwanafunzi wako ni ya zamani na yenye heshima. Mwaka 499 mtaalamu wa hesabu wa India, Aryabhata, aliandika kwamba mtu aliye ndani ya chombo kinachokwenda mbele huona vitu vya ufukweni vikirudi nyuma, na vivyo hivyo nyota zilizosimama huonekana zikienda magharibi. Mfano huo unajibu pia swali la ndege. Aliye ndani ya jahazi linalokwenda akirusha chungwa juu, chungwa hurudi mkononi, halianguki baharini nyuma ya tezi, kwa kuwa lilikuwa na mwendo wa jahazi tangu kabla ya kurushwa. Ndege iliyo kiwanjani tayari ina mwendo wa kuelekea mashariki sawa na wa ardhi, na hewa inayoizunguka inao vilevile. Inapopaa haiachi mwendo huo chini.

Lakini mfano huo unaonyesha tu kwamba kuzunguka kwa Dunia kunawezekana. Haukanushi uwezekano kwamba anga ndilo linalozunguka, na ndiyo maana Al-Biruni, aliyelitafakari suala hili karne ya 11, aliona kwamba hesabu za nyota hutoka sawa kwa rai zote mbili. Kwa kutazama nyota peke yake mtu hawezi kuamua. Inabidi atafute athari ambayo mzunguko wa Dunia huiacha hapa chini juu ya ardhi.

Athari iliyowashawishi wengi ilionyeshwa Paris mwaka 1851. Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon, akaliacha libembee. Tufe linalobembea hivyo halina sababu ya kubadilisha mwelekeo wake, ila watu waliona njia yake ikigeuka taratibu, nyuzi 11 hivi kwa saa, hata ikakamilisha duara kwa takriban saa 32. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikigeuka chini yake. Mwendo wa kugeuka hutegemea latitudo: kwenye ncha za Dunia njia hukamilisha duara kwa siku moja, na kwenye ikweta haigeuki hata kidogo. Hapo ndipo nakutahadharisha, Mwalimu, kwa sababu wapo wanaoshauri shule zote zitengeneze pendulamu ya namna hiyo. Kwa latitudo ya Tanga njia ya tufe ingegeuka nyuzi 1.3 tu kwa saa na kuhitaji zaidi ya siku 11 kukamilisha duara. Upepo wa dirishani au fundo la kamba lililofungwa vibaya lingeharibu kipimo chote, na wanafunzi wangeondoka wakidhani nadharia imeshindwa.

Ushahidi unaozifaa nchi za ikweta ni mwingine, nao ninauthamini zaidi. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alisafiri na saa yake ya pendulamu hadi Cayenne, Amerika Kusini, mji ulio karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, yaani umbali uleule wa Tanga kwa upande wa pili. Saa iliyokuwa sahihi Paris ilichelewa huko dakika mbili na nusu hivi kwa siku, ikabidi aifupishe pendulamu kwa milimita 3 kasoro kidogo. Nguvu ya mvutano ilikuwa pungufu. Newton alieleza sababu katika kitabu chake cha 1687: Dunia inayozunguka hutanuka kwenye ikweta, kwa hiyo aliyeko hapo yuko mbali zaidi na kitovu chake, na zaidi ya hayo mzunguko wenyewe hupunguza uzito wa kila kitu, kidogo sana, sehemu 3 hivi katika 1,000 kwenye ikweta. Kama anga lingekuwa ndilo linalozunguka huku Dunia imetulia, saa ya Richer isingekuwa na sababu ya kuchelewa kwa kiasi kile.

Na ushahidi wa tatu uko jirani na ninyi. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili baada ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walilisimamisha baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Satelaiti hiyo iliitwa Uhuru. Malindi ilifaa kwa sababu iko nyuzi 3 tu kutoka ikweta, ambako ardhi huenda mashariki kwa karibu mita 464 kila sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa mwendo huo na Dunia kabla haijawasha injini, na kwa kuwa satelaiti ya karibu huhitaji mita zipatazo 7,500 kwa sekunde ili ibaki angani, hiyo ni karibu asilimia 6 ya mwendo unaohitajika, iliyopatikana bila mafuta. Wahandisi waliweka mwendo huo katika hesabu zao, na satelaiti ikafika ilikokusudiwa.

Mtazamanyota akaongeza:

Naomba nimalizie kwa zoezi ambalo Mwalimu anaweza kulifanya mchana, kwa sababu si kila mwanafunzi ataruhusiwa na wazazi kukaa nje hadi saa sita usiku.

Msimamishe fito iliyonyooka kwenye uwanja ulio sawa, mhakikishe kwa timazi kwamba iko wima, na mtie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 15 kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha adhuhuri ya kweli, na mtaona kwamba haiangukii saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Tanga iko nyuzi 39. Dunia huhitaji dakika 24 hivi kugeuka tofauti hiyo, kwa hiyo jua huwafikia kwa wastani saa sita na dakika 24. Msishangae mkipata dakika 7 mwanzoni mwa Novemba au dakika 38 katikati ya Februari, kwa sababu Dunia haiendi kwa kasi moja katika safari yake ya mwaka na mhimili wake umeinama, na mambo hayo mawili hulisukuma jua mbele au nyuma ya saa zetu.

Rudieni zoezi hilo katika miezi tofauti. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri kitaelekea kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yenu, na mtu anayelitazama upande huo huliona likienda kutoka kulia kwenda kushoto. Desemba kivuli kitaelekea kaskazini na jua litakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kama vitabu vya Ulaya vinavyosema siku zote. Karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba jua litapita utosini na fito haitakuwa na kivuli kabisa kwa dakika chache. Mzunguko wa Dunia haukubadilika katika miezi hiyo yote. Kilichobadilika ni upande ambao jua limekaa ukilinganisha na Tanga.

Kama mna darubini, ya macho mawili au ya jicho moja, iwekeni kwenye kigingi kisichotikisika, muielekeze mwezi ulipo, na msiiguse tena. Mwezi una upana wa nusu ya nyuzi, kwa hiyo utauona ukihama upana wake mzima kwa dakika 2. Wanafunzi wapime kwa saa zao. Kwa jua msifanye hivyo hata mara moja, kwa sababu darubini hupofusha jicho papo hapo. Toboeni tundu dogo kwenye kadi, mwache taswira ya jua iangukie karatasi nyeupe ndani ya chumba chenye giza, na mzungushie taswira hiyo mstari wa kalamu. Baada ya dakika 2 itakuwa imetoka nje ya mstari.